Vidole Vitatu na Nusu

Siku tuliyomzika mume wangu, gobori lake lilikohoa. Nimetafuta neno la heshima zaidi nimelikosa. Nilikuwa ndani, nimekaa mkekani katikati ya wanawake, maana kwetu wanawake hatufuati jeneza. Lakini kaburi lilichimbwa nyuma ya shamba la nyumbani, na masikio hayajawahi kukatazwa kwenda makaburini. Nilisikia dua ikiisha. Nilisikia wanaume wakinyamaza. Kisha nikasikia fataki ikigonga, tak, na baada yake sauti ndogo ya kukwaruza, kama kifua cha mzee asubuhi ya baridi. Basi. Ikagonga ya pili, tak. Ya tatu hata haikugonga. Mwanamke aliyekuwa amenishika bega aliliachia.

Huku kwetu, vijiji vya kata ya Ulaya, wilaya ya Kilosa, mwenye gobori akifa bunduki yake hupigwa mara moja, baruti tupu bila goroli. Mtu aliyelinda mashamba ya watu haondoki kimya kimya kama mwizi wa kuku. Na mwenye gobori mwingine akisikia, popote alipo, huitikia kwa lake. Sheikh wetu akiulizwa husema jambo hilo hakulikuta kitabuni, halafu anakumbuka ana safari. Ndivyo tulivyoishi naye vizuri miaka yote.

Mume wangu hakuitikiwa, kwa sababu hakuaga. Na kosa lilikuwa langu.

Nieleze kidogo. Gobori ni bunduki ya kizamani ya kujaziwa mdomoni: inatiwa baruti, inazibwa kwa nyuzi za katani, inafuata goroli, na vyote vinashindiliwa kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma; kinachoiwasha baruti ni fataki, kipande kidogo kinachogongwa na nyundo ya bunduki. Mume wangu alikuwa na hati ya kulimiliki, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Hakuwa mwindaji. Alikuwa mkulima mwenye hasira na nguruwe pori. Alipomwangusha mmoja hakumgusa, yeye Mwislamu; asubuhi majirani zetu Wakristo walikuja na mapanga, masufuria na shukrani nyingi, na mimi niliwakopesha chumvi nikiwa nimeangalia pembeni.

Kila gobori lina kipimo chake, na kipimo ni vidole vya mwenyewe. Baruti ikishashindiliwa, mdeki hubaki umechomoza mdomoni mwa bunduki. Unalaza vidole ubavuni mwake, unahesabu. Wengi hupima vinne. Mume wangu alipima vitatu na nusu. Ujanani alikata miwa Ruhembe, na panga lilimchana kidole cha mwisho kwa ubavu. Kikapona kimekonda, nusu ya unene wa wenzake. Gobori lake lilizoea mkono ule. Chuma chake kilikuwa cha zamani kuliko baba yake, na mtu wa vidole kamili akilijaza vinne angeweza kulipasua na uso wake humo humo.

Sasa niseme siri ambayo kijiji kizima sasa kinaijua. Miaka sita ya mwisho, aliyempimia ni mimi. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, akawa anaona nguruwe kama kivuli na mdeki haoni kabisa. Mwanamke hashiki gobori, hiyo ndiyo kawaida, na sisi tuliivunja jikoni, mlango umefungwa. Vidole vyangu vinne vya kike vililingana sawasawa na vitatu na nusu vyake. Tuliligundua hilo tukiwa bado maarusi, tumelala, mikono juu ya mikono, tunacheka mambo ya kijinga. Hatukujua kwamba siku moja ingekuwa kazi.

Na kosa? Baruti inachukia unyevu. Ya mume wangu ilikaa ndani ya pembe ya ng'ombe iliyozibwa kwa nta, ikaning'inizwa darini, juu ya mafiga ya jiko langu la uani, mbali na cheche lakini ndani ya joto. Ndivyo wenye magobori wote walivyofanya. Watu wa zimamoto wangezimia, lakini miaka arobaini haikutokea kitu. Alipoanza kuugua, binti yetu aliye Mwanza alitutumia jiko la gesi ili mama asihangaike na kuni huku anauguza. Nililiweka barazani, karibu na mlango wa mgonjwa. Maji ya moto yalipatikana upesi, uji ulipatikana upesi, nikamsifu mwanangu kwa kila aliyekuja kuona mgonjwa. Jiko la mafiga likapoa. Masika yakaja, yakaondoka. Pembe ilining'inia pale juu ya majivu yaliyolowa, na mimi niliyeijua kazi ya moto ule kuliko mtu yeyote sikuinua hata kichwa kuitazama.

Mdogo wa marehemu alipoizibua siku ya mazishi, baruti ilikuwa imeshikana kama sukari guru. Waliivunjavunja, wakaianika juani kwenye sinia kwa haraka haraka, wakadhani imekauka.

Niliingia eda. Miezi minne na siku kumi. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa mpaka tukalala miguu kwa vichwa. Baada ya arobaini walibaki wawili. Baada ya hapo nilibaki mimi na gobori, lipo ukutani kwenye msumari wake, linaniangalia. Mwanangu wa Dar es Salaam alipiga simu kila Ijumaa. Aliuliza, mama umekula? Nikajibu nimekula. Aliuliza, mama una upweke? Nikajibu upweke ni nini, nina kuku. Simu ikikatika nilikuwa naishika vilevile sikioni kwa muda, kama kichaa.

Sitadanganya, nilikuwa mpweke kiasi cha kuchukia sauti ya kijiko changu kwenye sahani. Lakini kilichoniuma zaidi ni ile tak. Nilimwona mume wangu amesimama mlangoni na mzigo kichwani, anasubiri mtu aseme haya, nenda, na hakuna anayesema. Watu walinipa pole, wakaniambia mambo ya kale hayo, mama, msahau. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema. Nami nikawaza, maji hapana, lakini baruti inanunuliwa dukani.

Eda ilipoisha, mtendaji wa kijiji alikuja na salamu na barua. Mwenye hati amekufa, hati imekufa naye. Silaha ipelekwe polisi Kilosa. Hakuwa na ubaya, hata alisimama wakati wa kunipa. Basi nikajua nina muda mfupi. Gobori likishakabidhiwa, mume wangu hataaga tena kamwe.

Nilikwenda Kilosa bila bunduki. Kwenye kaunta alikuwapo afande mmoja, umri wa mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Silaha iko wapi?"

"Iko nyumbani, haijaaga."

Nikamweleza. Nilitarajia acheke, au anifokee. Alizungusha kalamu vidoleni, akauliza ni wapi huko wanakofanya hivyo, nikamwambia. Akasema babu yake upande wa mama alikuwa na gobori, siku ya kuzikwa kwake lilipigwa limeegeshwa kwenye mlango wa nyumba, yeye alikuwa mdogo, akaziba masikio.

"Mama, baruti ya kweli inauzwa kwa kibali," akasema. "Kuna duka lenye leseni Morogoro. Nitakuandikia ombi, lakini litapanda mpaka kwa wakubwa, halafu lishuke. Vumilia."

"Na gobori?"

"Lilete kibali kikishatumika. Lije tupu."

Ombi likapanda. Kushuka likachelewa. Wiki ya tatu uvumilivu wangu, ambao hata marehemu aliusema vibaya, ulikwisha. Niliambiwa Mikumi hakukosekani kitu, nikapanda gari nikaenda Mikumi.

Nani alinituma? Mji ule umelala ubavuni mwa hifadhi. Uliza mishkaki, utapata; uliza fundi wa tairi za lori, watakuja watatu. Lakini tamka baruti pale Mikumi uone mji mzima unavyokuwa bubu. Muuza vyombo aliniambia hana, na kabla sijatoka akaanza kufunga duka. Fundi baiskeli aliniangalia kuanzia kanga ya kichwani mpaka kandambili.

"Bi mkubwa," akasema, "unataka kumlipua nani?"

"Mume wangu."

"Kakufanya nini?"

"Kafa."

Hakuuliza tena. Wengine walidhani mimi ni mke wa jangili niliyetumwa mbele kupima maji. Wengine walidhani mimi ni mtego wa askari wa wanyamapori. Nilizunguka juani mpaka alasiri, mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye mkoba wa ukili, watu wakivuka barabara kunikwepa. Sijawahi kuwa katikati ya watu wengi kiasi kile nikiwa peke yangu kiasi kile.

Mwisho mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu, kwenye lile jua, aliniita nyuma ya nyumba ya wageni akanipa chupa ya dawa ya kikohozi imejaa unga mweusi. Najua lilikuwa kosa. Kibali sikuwa nacho, naye hakuwa na leseni ya kuuza hata karanga. Nilikuwa nimechoka, nikanunua.

Nyumbani niliijaribu kama mume wangu alivyonionyesha. Unaweka chembe chache juu ya karatasi nyeupe, unazigusa kwa kijiti chenye moto. Baruti ya kweli inaondoka mara moja, fuu, moshi mweupe, na karatasi inabaki haijaungua. Ile ya Mikumi ilifikiri kwanza. Halafu ikanuka, ikatambaa polepole, ikachoma karatasi, ikaniachia uchafu mezani. Ulikuwa mkaa wa kupikia uliosagwa na sijui nini. Nimepika kwa mkaa maisha yangu yote, halafu nikasafiri mpaka Mikumi kwenda kuununua. Nilicheka kwa sauti, na nilipogeuka ili nicheke pamoja na mtu, nikakumbuka.

Alibaki mtu mmoja, ambaye sikutaka kumwendea. Mzee wa ng'ambo.

Ng'ambo ya mto wetu anaishi mwenye gobori mwingine, wa mwisho upande huu. Wengine walikufa, au walisalimisha bunduki wakaenda zao kulala usingizi. Yeye na mume wangu walilinda kingo mbili za mto miaka yote. Nguruwe wakifukuzwa huku walivuka kule. Mume wangu akipiga, baada ya muda unasikia kule napo panapigwa, na asubuhi wakikutana sokoni wanashindana nani aliamka kwanza. Mkewe alikufa zamani. Watoto wake wako Kidodi kwenye miwa, wanakuja Idi kwa Idi. Aliniita shemeji, na mimi nilimwita hivyo hivyo, ingawa alimzidi mume wangu kwa miaka mingi.

Sikutaka kumwendea kwa sababu hakuja mazikoni. Mtu ambaye mume wangu alizungumza naye kwa bunduki miaka thelathini hakuvuka daraja la magogo kuja kumtupia rafiki yake kiganja cha udongo. Hakuja hitima. Hakuja arobaini. Nilikuwa nimeiweka hasira hiyo mahali salama, naitoa jioni jioni kuiangalia.

Nilimkuta uani kwake, anasuka kamba.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Karibu."

Hakusema pole. Alisogeza kigoda. Nikamwambia shida yangu yote, ya pembe iliyolowa, ya Kilosa, hata ya Mikumi. Aliposikia habari ya mkaa, mdomo wake ulicheza kidogo. Nikamwomba baruti, kiasi cha mara moja tu.

"Ninayo ya mara moja tu," akasema.

"Nipe hiyo."

"Hiyo ina kazi yake."

"Kazi gani, shemeji? Nguruwe?"

Akaendelea kusuka. Hapo nikamwaga vyote. Nilimwambia mume wangu angempa hata chembe ya mwisho. Akasema, "Najua." Nilimwambia kuku wangu wana utu kumshinda. Akasema, "Huenda." Maji aliyonikaribisha sikuyanywa, niliyaacha pale pale kwenye kikombe, na kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko la kuku. Nilivuka daraja bila kugeuka. Nilimchukia, na nilichukia pia kwamba uani kwake palikuwa pamefagiliwa vizuri na hapakuwa na moshi wowote jikoni, kama kwangu.

Kibali kilishuka wiki mbili baadaye. Nikaenda Morogoro, kwenye duka lenye nondo madirishani na picha za ndege. Kijana wa kaunta aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama, sisi tunauza risasi. Hii ya gobori... magobori bado yapo?"

"Moja lipo. Mpaka wiki ijayo."

Alimwita mzee wake kutoka nyuma, na huyo hakuuliza kitu. Alileta kopo, akaandika kwenye daftari lake jina langu na namba ya kibali, akanipimia kwenye mfuko wa karatasi nzito. Chembe zilikuwa nyeusi, kavu, zinang'aa kidogo. Akaniambia nikae nayo mbali na moto njiani, akanisindikiza hadi mlangoni. Nilirudi nimeikumbatia ndani ya mkoba kama mtoto mchanga. Nyumbani niliweka chembe chache kwenye karatasi. Fuu. Karatasi ilibaki nyeupe. Nilikaa chini jikoni, kwenye jiko langu la zamani, nikawasha mafiga kwa mara ya kwanza tangu augue, nikaitundika ile pembe juu, na baruti mpya ndani yake, siku tatu mfululizo. Haikuhitaji. Mimi ndiye niliyehitaji.

Ijumaa baada ya sala, wanaume walikuja kaburini. Sheikh alikuwa na safari ya Kidodi. Safari hii na mimi nilitoka. Nilisimama pembeni kwenye mahindi, na hakuna aliyenifukuza. Mdogo wa marehemu alitia baruti, akatia katani, akashindilia. Ni mtu mwema, mnene, mwenye vidole kama mihogo. Akavilaza kwenye mdeki: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akaona mdeki haujafikia cha nne, akachukua pembe aongeze.

"Hapana," nikasema.

Wote wakageuka.

"Hilo linapimwa vitatu na nusu. Tayari umezidisha. Litakupasukia."

"Shemeji, wewe umejuaje?"

Ningeweza kusema marehemu aliniambia, na wangekubali, na kawaida ingebaki salama. Lakini niliuona mdeki ule, umelainika mahali vidole vyetu vilipozoea, nikaona aibu kumkana.

"Nimempimia miaka sita," nikasema. "Macho yake yalikwisha. Kila mlio mliousikia, na mkashukuru nguruwe wameondoka, ulipimwa na mkono huu."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine alitazama kaburi kama anayesubiri lijitetee. Mdogo wa marehemu akaiweka pembe chini. Kisha aliitoa ile katani, akamwaga baruti kwenye sinia, akafuta mtutu, akanipa mdeki.

"Basi pima," akasema. "Maana mimi bado nina watoto."

Wakacheka kidogo, na ilisaidia. Akatia baruti upya na katani, nikashindilia, nikapima. Vidole vyangu vinne, ubavu kwa ubavu juu ya chuma chenye baridi. Vilitosha sawasawa. Nikarudi kwenye mahindi.

Sauti iliponguruma, njiwa wote waliruka kutoka kwenye miembe ya jirani na mbwa wakaingia uvunguni. Moshi mweupe, mzito, ulisimama juu ya kaburi, ukaondoka polepole kuelekea mtoni. Nikasema moyoni, haya, nenda. Nilidhani nitapumua sasa. Lakini baada ya mlio kuna kimya, na nilikuwa nimekisahau kimya hicho. Ni nafasi ya kuitikiwa. Wanaume wote walikuwa wamesimama bila kutikisika, wanasikiliza, ingawa kila mmoja alijua magobori yamekwisha. Nilitamani waondoke. Nilitamani mtu aongee chochote. Niliona mume wangu ameaga, na dunia imemgeuzia mgongo.

Ng'ambo ya mto, ikapigwa.

Mara moja. Nzito, karibu kuliko nilivyotarajia, halafu mwangwi wake kwenye vilima. Nilikaa chini kwenye matuta na kulia kama sikuwahi kulia siku ya mazishi, kwa sauti, watu wazima wakinitazama, na sikujali.

Asubuhi yake nilifunga baruti iliyobaki, na kile kibali ndani yake, nikavuka. Mzee alikuwa kwenye kigoda kile kile, kamba ile ile. Kikombe cha maji kilikuwa kimewekwa tayari kwenye kigoda cha pili. Nikayanywa yote kabla ya kusema neno.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Pole na msiba."

Ndiyo kwanza aliisema. Miezi sita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Anayeitikia haji mazikoni," akasema. "Anakaa kwake, anasubiri. Wala hasemi kama atapiga. Ndivyo tulivyofundishwa. Wanawake hamkuambiwa."

"Siku ile ya mazishi..."

"Nilikaa hapa tangu adhuhuri. Nimejaza, nimeshika. Jua likazama. Nikasema labda masikio yamekufa." Akavuta kamba. "Pole ningeitoaje kwa mtu ambaye hajaaga?"

Niliomba radhi kwa habari ya kuku. Akasema kuku wangu anawafahamu, ni wazuri. Nikampa ile baruti. Yeye hati yake ingali hai. Aliipima kwa mkono.

"Inatosha kwa mara mbili," akasema. "Moja ya nguruwe." Ya pili hakuitaja. Akaweka mfuko magotini, akafikiri.

"Shemeji, nilijua ni wewe uliyekuwa unampimia."

"Ulijuaje?"

"Mlio. Zamani leo unavuma, kesho unabweka. Miaka ile ya mwisho ukatulia, kila siku sawa. Nikasema, huyu haoni tena, na kuna mtu mwangalifu ndani ya nyumba." Akafunga mdomo wa mfuko. "Mimi sina mtu anayekijua kipimo changu. Wanangu wanajua miwa. Watakuja hapa siku hiyo, watajaza kwa vidole vyao, waumizane."

Akanyoosha mkono wake, akaulaza juu ya kigoda, vidole vimefungwa pamoja. Ulikuwa mkono mkavu, una mikwaruzo ya kamba. Sikuweza kuushika, si mkono wa kushikwa na mimi, wala yeye hakutarajia. Nikaokota bua la mtama, nikaliweka kando ya vidole vyake vinne, nikalikata kwa kisu chake pale vilipoishia.

"Na nani atakuitikia?" nikauliza. "La kwetu linakwenda Kilosa Jumatatu."

"Hakuna. Lakini wewe utakuwa unasikia."

Nilimwambia asifanye kama mimi nilivyofanya. Baruti ile aitundike juu ya mafiga na awashe moto kila siku, hata kama anakula kwa jirani. Akasema kuwasha moto wa mtu mmoja ni kazi ya kuchosha roho. Nikamwambia najua.

Jumatatu nilipeleka gobori Kilosa. Afande yule alichungulia mtutu.

"Tupu?"

"Tupu."

"Iliaga?"

"Iliaga. Na iliitikiwa."

Aliandika kwenye kitabu, akanipa karatasi, akanisimamishia bodaboda ya kunipeleka stendi. Ukutani kwangu umebaki msumari. Mwanangu wa Dar es Salaam anasema nitundike kalenda.

Jiko la gesi nimelifunika kitambaa. Kila asubuhi nawasha mafiga, chai ya mtu mmoja, kuni tatu, na sina baruti ya kukausha. Nikishawasha natoka nyuma ya nyumba, nasimama pale kwenye matuta, naangalia ng'ambo. Siku nyingine nakuta moshi wake umeshatangulia. Siku nyingine wa kwangu ndio wa kwanza, nasimama nasubiri, chai inachemka mpaka inamwagika, mpaka kamstari kembamba kanapanda juu ya miti yake. Kisha narudi ndani kunywa iliyobaki. Nadhani naye anasimama uani, ingawa hatujawahi kuulizana.

Lile bua liko darini, pale ilipokuwa pembe. Asubuhi ambayo moshi hautapanda, nitalichukua nivuke.